Uzi: Nyuroni haizai nyuroni. Sasa seli za ubongo wa mtoto aliye tumboni zinatoka wapi?

#1 Mzee wa Darubini

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Lile bango la "mwanao tumboni anatengeneza seli za ubongo 250,000 kila dakika, mama kula samaki" limenifikia tena, safari hii kupitia grupu la kwaya. Sina ugomvi na samaki. Kinachonikera ni kwamba ukilisoma unabaki na picha ya nyuroni (seli za ubongo zinazopitisha ujumbe) zinazojitokea zenyewe, mradi mama amekula vizuri. Nani anazizaa? Zinazaliwa upande gani wa ubongo, na zinafikaje zinapokaa? Nitakuwa mrefu, mwenye haraka apite.

La kwanza lishikeni vizuri, maana mengine yote yanaliegemea: nyuroni haigawanyiki. Seli ya ngozi inajigawa, ya utumbo ndiyo usiseme, hata ya ini ikilazimika inajigawa. Nyuroni ikishakuwa nyuroni, habari ya kuzaa imekwisha. Kwa hiyo kila nyuroni uliyo nayo ilitoka kwenye seli nyingine, seli shina, ambayo hapa nitaiita seli mama. Ukitaka kujua ubongo utakuwa na nyuroni ngapi, usiziangalie nyuroni. Angalia akina mama: walikuwa wangapi, na walianza kuzaa lini.

Turudi nyuma hadi wiki ya tatu tangu mimba kutungwa. (Nahesabu tangu kutungwa. Wa kliniki wanahesabu tangu hedhi ya mwisho, hivyo mkitaka hesabu yao ongezeni wiki mbili.) Kiinitete hakijafika hata milimita 3. Mgongoni kuna utando wa seli ulioanza kunenepa, unakunjamana katikati, kingo zake zinainuka, zinakutana, zinaungana. Unapatikana mrija, mrija wa neva. Unaanza kufunga maeneo ya shingoni, kisha unaendelea kufunga kuelekea juu na kuelekea chini. Tundu la kichwani linaziba karibu na siku ya 25, la mkiani siku ya 27 au 28. Sehemu ya mbele itakuwa ubongo, inayobaki ni uti wa mgongo. Uwazi ulio ndani ya mrija ndio baadaye unakuwa vile vyumba vya maji vilivyomo ndani ya ubongo wako sasa hivi.

Ukuta wa mrija huo ndipo mahali pa kuchungulia kwa karibu. Ukiukata na kuuweka chini ya darubini unaona viini vya seli vimepangana ngazi ngazi, utadhani ni tabaka nyingi. Kumbe ni tabaka moja tu. Kila seli ni ndefu na nyembamba, mguu mmoja uko kwenye ukingo wa ndani penye maji, mwingine unagusa ukingo wa nje. Viini ndivyo vimekaa kwa urefu tofauti, kwa sababu havitulii. Kiini kinapanda juu, huko DNA inanakiliwa, halafu kinashuka mpaka ukingoni kabisa penye maji, na hapo tu ndipo seli inagawanyika. Ikimaliza, viini vya watoto vinapanda tena.

Wilhelm His, yule Mswisi aliyekuwa Leipzig, alikuwa ameshaziona seli za duara zinazogawanyika pale ukingoni mwishoni mwa karne ya 19, akaamini ni aina ya pekee, tofauti na zile ndefu. Mwaka 1935 F. C. Sauer akasema hapana, ni seli ileile imekamatwa katika nyakati mbili. Ilibidi kungoja hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, ilipopatikana thimidini yenye mionzi inayoingia kwenye DNA inayonakiliwa, ndipo ikaonekana wazi kwamba Sauer alikuwa sahihi. Mimi binafsi hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote. Mtu aliangalia vipande vilivyokufa na kukaushwa kwenye kioo, akaona mwendo.

Kwa nini kiini kihangaike hivyo? Sentrosomu, kile kifaa kinachopanga kromosomu wakati wa kugawanyika, kimefungwa kule ukingoni, kwa hiyo kiini lazima kikifuate. Na nafasi ya ukingoni ni finyu. Seli zote zikikaa hapo kwa pamoja hazitoshi, ila zikipokezana zinatosha nyingi sana.

Sasa hesabu yenyewe. Mwanzoni seli mama hazizai nyuroni hata moja. Kila mama anajigawa kuwa mama wawili, wawili wanakuwa wanne, yaani faida yote inarudi kwenye mtaji. Halafu unafika wakati mgawanyiko unabadilika: mtoto mmoja anabaki kuwa mama, mwenzake anatoka kuwa nyuroni, au anakuwa seli ya kati itakayojigawa mara moja au zaidi kisha iishe. Anayeanza kula faida mapema anabaki na mtaji mdogo. Anayechelewa, hata kwa mizunguko michache, anakuja kuvuna mara dufu kwa mara dufu.

Nani anaamua yupi abaki na yupi atoke? Sehemu ya jibu ni mazungumzo ya jirani kwa jirani. Seli inayoelekea kuwa nyuroni inaweka nje protini iitwayo Delta. Delta inamgusa jirani kwenye kipokezi chake, Notch, na Notch ikiamshwa inazima kwa huyo jirani jeni za kuwa nyuroni. Kwa maneno mengine, anayetoka ndiye anayemwambia mwenzake "wewe baki". Bila mfumo huu akina mama wangetoka wote kwa mkupuo, tukawa na nyuroni chache za mapema na hakuna wa kuendeleza.

Nitarudi na sehemu ya kupanda, chai imepoa.

#2 Kitimoto wa Jioni

Nimechukua siti ya mbele. Endelea mwalimu.

#3 Mzee wa Darubini

Tuendelee. Kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, kazi kubwa ya kuzalisha nyuroni inaanza takribani wiki ya 7 na kufikia wiki ya 24 hivi imekaribia kwisha. Nyuroni inazaliwa ndani, kwenye maji, lakini makazi yake yako nje. Lazima isafiri.

Inasafiri kwa kufuata ule mguu mrefu wa seli mama unaofika mpaka ukingo wa nje. Katika hatua hii mama anaitwa glia radiali. Pasko Rakic alilionyesha hilo mwaka 1972 kwenye ubongo wa tumbili walio tumboni: nyuroni changa zimejikunja kwenye nyuzi, zinapanda moja moja.

Na mpangilio wake ni kinyume na unavyodhani. Tungetegemea waliotangulia wakae juu na waliochelewa wabanane chini. Mwaka 1961 Angevine na Sidman waliwapa panya wajawazito thimidini yenye mionzi katika siku tofauti za mimba, kisha wakaangalia watoto walipokua nyuroni za kila siku zimekaa wapi. Za mapema ziko chini. Za mwisho zimewapita dada zao wote na kukaa juu. Rakic akaja kukuta hivyohivyo kwa tumbili mwaka 1974.

Kuna panya waliozaliwa na kasoro wakawa wanayumba wakitembea, waliandikwa mwaka 1951. Kwao mpangilio huu umevurugika, waliochelewa wanakwama chini ya waliotangulia. Jeni iliyoharibika ilipatikana mwaka 1995 na protini yake ikaitwa rilini. Inamwagwa na seli zilizokaa juu kabisa, karibu na ukingo wa nje.

Halafu kuna hili. Kwa miongo mingi glia radiali ilihesabiwa kuwa kiunzi tu, mti wa kupandia, na wazazi wa nyuroni walidhaniwa ni wengine. Mwaka 2000 kundi la Magdalena Götz kule Ujerumani, na mwaka 2001 Stephen Noctor akiwa na Arnold Kriegstein Marekani, wakaonyesha vingine. Noctor alitumia virusi vilivyobeba protini inayong'aa kijani, akaingiza kwa seli chache sana, kisha akazitazama zikiwa hai. Seli ya kijani ni glia radiali. Inagawanyika ukingoni. Mtoto wake, kijani naye, anaanza kupanda mgongoni mwa mama yake mwenyewe.

#4 Bwana Hesabu

Mkuu umelitaja lile bango ukaliacha. Ngoja nilishughulikie.

Nyuroni za mtu mzima ni kama bilioni 86. Hesabu hiyo ni ya Suzana Herculano-Houzel na wenzake wa Brazili, 2009. Waliusaga ubongo mpaka ukawa supu, wakahesabu viini. Miezi tisa ni kama siku 270, sawa na dakika 388,800. Gawanya: unapata karibu 221,000 kwa dakika. Ukiongeza zile zinazozaliwa kisha zikafa, hapo ndipo mtu anapata 250,000 yake.

Shida ni kwamba huo ni wastani wa kitu kisicho na wastani. Katika wiki ya kwanza idadi ni sifuri. Tena katika hizo bilioni 86, kama bilioni 69 ziko kwenye ubongo mdogo wa kisogoni, serebelamu, na nyingi ya hizo ni zile ndogo sana ambazo zinaendelea kuzalishwa hata mtoto akishazaliwa, ndani ya mwaka wake wa kwanza. Kwenye gamba la ubongo ziko bilioni 16 hivi. Kwa wiki 17 za Mzee wa Darubini ni dakika 171,360, yaani kama 93,000 kwa dakika. Bado ni nyingi mno, ila si ile ya bango.

#5 Mwanafunzi wa Wodi Namba Mbili

Uzi mtamu, ila niongeze jambo. Si nyuroni zote za gamba zinazopanda wima. Zile za kuzuia, zinazotuliza wenzao, zinazaliwa kwingine kabisa, kwenye mavimbe yaliyo chini ya ubongo wa mbele, kisha zinatambaa kwa ubavu mpaka kwenye gamba. Kundi la John Rubenstein lilionyesha hilo kwa panya mwaka 1997: wakikata njia kati ya pale chini na gamba, au jeni ziitwazo Dlx zikikosekana, nyuroni hizo zinapungua sana.

#6 Mzee wa Darubini

Asante daktari mtarajiwa. Niliiacha makusudi, ningeandika mpaka alfajiri.

#7 Sina Imani

Swali la mbishi. Panya ana seli mama, ana Notch, ana glia radiali. Tumbili vilevile. Sasa kwa nini panya anabaki panya? Kama mashine ni moja, jibu lenu la "akina mama wangapi" halitoshi.

#8 Mzee wa Darubini

Linatosha kuliko unavyofikiri. Kwa panya gamba linatengenezwa ndani ya siku sita hivi, na seli mama wanapitia mizunguko 11. Kwa tumbili aina ya rhesus ni siku zipatazo 60 na mizunguko isiyopungua 28. Kila mzunguko wa ziada kabla ya kuanza kula faida unazidisha mtaji kwa mbili. Fanya mwenyewe: anza na mmoja, zidisha kwa mbili mara kumi tu, unapata 1,024.

Lakini lipo la zaidi. Mwaka 2010 makundi mawili, la Kriegstein na la Wieland Huttner kule Dresden, yaliandika kuhusu seli mama za aina nyingine kwa binadamu. Hizi zimeachia ule mguu wa ndani penye maji, zimehamia nje kidogo, na zinaendelea kuzaa zikiwa huko. Kwa panya zipo chache mno. Kwetu ni umati, zimejaza ukanda mzima. Kumbuka nilivyosema ukingo wa ndani ni finyu? Hizi zimepata uwanja mwingine.

Na kuna jeni ambayo binadamu anayo, sokwe hana: ARHGAP11B, ilitangazwa mwaka 2015 kutoka maabara ileile ya Dresden. Ni nakala ya jeni ya zamani iliyojirudia nusunusu. Walipoiweka kwa kijusi cha panya, seli mama zikaongezeka, na baadhi wakaanza kupata mikunjo kwenye gamba ambalo kwa kawaida ni laini. Mwaka 2020 ikajaribiwa kwa vijusi vya tumbili wadogo wa marmoset, gamba likatanuka na kuanza kukunjamana. Mimba zile zilisimamishwa kabla ya kuzaliwa, na naona walifanya vyema.

#9 Sina Imani

Hapo umenifunga mdomo kwa muda. Nitarudi.

#10 Wa Ziwani

Huku Entebbe tunaishi jirani na msitu wa Zika. Virusi vyenyewe vilipatikana humo mwaka 1947, kwa tumbili aina ya rhesus aliyewekwa kwenye kizimba juu ya mti, watafiti wakitafuta homa ya manjano. Miaka ikapita vikionekana homa ndogo tu. Kisha 2015 Brazili, watoto wanazaliwa na vichwa vidogo. Je, hii inahusiana na hao akina mama wa mleta uzi?

#11 Mwanafunzi wa Wodi Namba Mbili

Inahusiana moja kwa moja, mkuu. Mwaka 2016 maabara zilionyesha kwamba virusi vya Zika vinapenda sana seli mama za ubongo kuliko nyuroni zilizokomaa. Vinaziingia, zinakufa au zinaacha kugawanyika. Ndiyo maana mama mwenyewe anaweza kupata vipele na homa ya siku chache tu, au asihisi kitu, huku mtoto akipoteza mtaji. Vilivyosambaa Brazili ni vya ukoo wa Asia, si hivi vya huko kwenu moja kwa moja.

Kuna watoto wanaozaliwa na kichwa kidogo bila virusi vyovyote, kwa kurithi. Moja ya jeni zinazohusika ni ASPM, na protini yake inakaa kwenye ncha za ule mtambo unaovuta kromosomu. Ikiharibika, seli mama haigawanyiki sawasawa, inaanza kutoa nyuroni mapema. Ubongo unakuwa umepangika vizuri tu, ila mdogo.

#12 Bwana Hesabu

Ongezea Hiroshima na Nagasaki. Waliokuwa tumboni siku ya mabomu ya atomiki walifuatiliwa kwa miaka mingi, watoto wapatao 1,600, na 30 kati yao walikutwa na ulemavu mkubwa wa akili. Walipopangwa kwa umri wa mimba, wengi walikuwa wiki ya 8 hadi ya 15 tangu kutungwa. Wiki ya 16 hadi 25 wachache. Kabla ya wiki ya 8 na baada ya 25, mionzi haikuonekana kuongeza ulemavu huo. Linganisha na tarehe alizotoa mleta uzi. Mionzi inaua zaidi seli inayogawanyika.

#13 Mkunga Mstaafu

Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa niseme la kwangu.

Hayo ya jeni ni mazuri, lakini rudini kwenye siku ya 28. Mrija usipofunga chini, tunapokea mtoto wa mgongo wazi. Usipofunga juu, mtoto haishi. Foliki, aina ya vitamini B, inapunguza jambo hili sana: mwaka 1991 ulichapishwa utafiti wa Uingereza na nchi nyingine, wanawake waliokuwa wamewahi kupata mimba yenye tatizo hilo, na foliki ikapunguza kujirudia kwake kwa asilimia 72.

Sasa nambieni, mwanamke wetu anakuja kliniki lini? Mwezi wa nne, wa tano. Anapewa vidonge vya kuongeza damu vyenye foliki, vinamsaidia damu, sawa. Mrija ulishafunga au kushindwa kufunga kabla hata hajakosa hedhi ya pili. Vidonge hivi vinatakiwa viwe mwilini kabla ya mimba, mikrogramu 400 kwa siku, mpaka wiki ya 12. Msichana anayepanga kuolewa ndiye wa kuambiwa, na mabinti hawaambiwi chochote, wanafundishwa kupika.

Ndiyo maana serikali ikaweka sheria unga wa viwandani urutubishwe, Tanzania mwaka 2011, Kenya 2012. Lakini wengi wetu tunakula dona la mashine ya mtaani. Gunia limetoka shambani, limesagwa, limeingia sufuriani. Foliki iongezwe na nani?

#14 Kitimoto wa Jioni

Shangazi, basi na samaki tumwache?

#15 Mkunga Mstaafu

Mle samaki wenu kwa amani. Mafuta yake yana kazi kwenye ubongo, hasa miezi ya mwisho. Ila hakuna samaki anayeongeza idadi ya nyuroni. Chumvi yenye madini joto ina uzito zaidi hapa, kwa sababu miezi mitatu ya kwanza mtoto anategemea homoni ya tezi ya mama yake, na homoni hiyo haitengenezwi bila madini joto.

#16 Dada Pili

Samahani kuingilia. Mdogo wangu anatumia dawa ya kifafa, valproeti, tangu sekondari. Anaolewa Desemba. Kwa haya mliyoandika nimeogopa.

#17 Mkunga Mstaafu

Mwanangu, umefanya vizuri kuuliza mapema. Valproeti ndiyo dawa ya kifafa inayosumbua zaidi kwenye mrija huo: mimba moja au mbili katika kila 100 zinapata mgongo wazi, na inaweza kugusa akili ya mtoto pia. Lakini asiiache mwenyewe hata siku moja. Kifafa kikirudi kwa kuunganisha kinaweza kumuua yeye. Aende kwa daktari sasa, kabla ya harusi, aseme wazi kwamba anataka kuzaa. Zipo dawa nyingine, na kubadilisha kunafanywa taratibu kwa miezi.

#18 Dada Pili

Asante mama. Kliniki yake ni Alhamisi, nitamsindikiza. Foliki aanze kununua au asubiri?

#19 Mkunga Mstaafu

Amuulize daktari hiyohiyo Alhamisi, kwa sababu mwenye dawa za kifafa mara nyingi anaandikiwa kiwango kikubwa kuliko mikrogramu 400. Vidonge vingi vya madukani ni vya miligramu 5, asijipimie kwa kusikia. Na aende na pakiti za dawa anazotumia, si kutaja jina kwa mdomo.